Mifupa ya Ukingo wa Kaskazini

Torvald Hestnes anasema alimwona kwa macho yake mwenyewe. Anasema ilikuwa asubuhi, gatini katika mji wa Bodø, na Eilert alikuwa amevaa koti la Jumapili, begi mkononi, kando yake mwanamke wa kofia ya kijani. Meli ya Amerika ilipopiga honi, Eilert hakugeuka hata kuaga. "Alipanda ngazi kama mtu anayekwenda harusini," Torvald humalizia, na watu wa kisiwa humtupia Gudlaug, mke wa Eilert, jicho la pembeni waone kama atalia.

Gudlaug hakuwahi kulia mbele yao. Tangu kabla ya vita yeye ndiye mke aliyeachwa. Akiingia dukani, wanawake hunyamaza. Watoto waliozaliwa Eilert ameshatoweka nao walijifunza kumcheka, kama wanavyojifunza kupiga makasia. Na Torvald, aliyekuwa akivua na Eilert katika mashua moja, humwita shemeji kwa sauti ile ile anayomwitia mbwa.

Kisha dhoruba ya Novemba ikala ukingo wa mchanga upande wa kaskazini, pasipokaa mtu, na mifupa ikatokeza.

Gudlaug alikwenda kuiangalia. Alipiga magoti kwenye baridi, akagusa mfupa wa mguu uliowahi kuvunjika ukaunga upande. Eilert alikuwa akichechemea.

"Ni mume wangu," akasema.

"Watu wa kale nao walivunjika miguu, shemeji," Torvald akasema. "Hivi huoni mawe yalivyopangwa juu yake? Ndivyo walivyozikana wale. Tumfukie, tumwache alale."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Torvald ni mzee wa kanisa, anajua heshima ya wafu.

"Na yule aliyepanda meli?" mmoja akamuuliza Gudlaug.

"Torvald alimwona mtu mwingine. Bodø ina watu wengi. Simlaumu."

Alikaa pale ukingoni, shali kichwani, mpaka boti ya polisi ilipofika. Mchungaji alimwambia bila kuzunguka: ikithibitika ni Eilert, atazikwa penye ukoo wake, na jina lake kwenye jiwe. Isipothibitika, mifupa itatiwa sandukuni iende makumbusho ya mjini Trondheim, naye Gudlaug asilete tena maneno hayo kanisani. Gudlaug akakubali. Hakutaka kingine duniani. Jiwe lenye jina tu, watu wapite walisome wajue hakuachwa.

Kipande cha mfupa wa paja kikapelekwa mjini, kwa wale wanaopima kaboni na kujua kiumbe kilikufa lini.

Majibu yalikuja Machi, chewa wakiwa wamejaa baharini. Aliyeyaleta alikuwa mtaalamu kijana, Arnfinn Skogstad, mtoto wa wakulima wa bara. Torvald hakukubali avushwe na mtu mwingine. Alimvusha mwenyewe, akaingia naye kwa Gudlaug bila kubisha, akavuta kiti akakaa. Msimu wa chewa, anayeingia ndani hupewa chakula, hata awe adui yako. Gudlaug akawapakulia wote wawili: samaki wa kuchemsha, ini na mayai yake.

"Pole, mama," Arnfinn akasema. "Mtu huyu amekufa yapata miaka mia nne na hamsini iliyopita. Jumlisha au toa mia."

"Hata ukiitoa hiyo mia," Torvald akasema, mdomo umejaa, "Eilert alikuwa bado hajatungwa mimba. Hiyo Amerika alikokimbilia ndiyo kwanza ilikuwa inagunduliwa." Akacheka mpaka ini likamtoka mdomoni. "Ngoja nifike dukani. Shemeji, wivu gani huu, wa kugombania maiti ya watu?"

Gudlaug alichukua sufuria akamwongeza mgeni.

Arnfinn aliona aibu kwa ajili ya Gudlaug, akatafuta maneno ya kumfariji. Akasifu chakula. "Kwetu samaki ni wa Ijumaa," akasema. "Nyinyi mnakula hivi mara nyingi?"

"Kila siku. Hapa shayiri haioti, ng'ombe hakai."

"Na nyama?"

"Nyama ya wapi, mwanangu? Viazi vyenyewe vinaletwa kwa boti. Eilert hakuvigusa hata hivyo. Tangu aachishwe ziwa ni samaki tu, asubuhi na jioni."

Arnfinn akaweka uma chini. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nimelinganisha na watu wa bara," akasema polepole. "Watu wa mkate na maziwa. Sikufikiri." Akajifuta mdomo. "Bahari ina kaboni kuukuu, mama. Maji ya chini hukaa karne nyingi bila kuonana na hewa. Samaki huibeba. Anayekula samaki tu, ukimpima mifupa, anaonekana alikufa zamani kuliko alivyokufa."

"Zamani kiasi gani?"

"Miaka mia nne. Pengine zaidi kidogo."

Torvald akaacha kutafuna.

"Ukiitoa," Gudlaug akauliza, "anabaki nani?"

"Anabaki mtu wa juzi, mama. Mwenye mguu ule. Nitamwandikia mchungaji leo hii."

Gudlaug alikuwa bado amesimama, sufuria mkononi. Aliitua mezani taratibu, mbele ya mtu aliyemwona Eilert akipanda meli.

"Torvald," akasema, "inua uso nikuone."

Torvald aliendelea kuitazama sahani.