Mugarama Ilivyoonekana Kutoka Angani

Vigingi vilikuwa viwili, na shimo lilikuwa moja.

Kigingi cha kwanza alikipiga Mwenyekiti Leonidasi mbele ya ofisi ya kijiji, juu kabisa mwambani, ili kila apitaye barabara ya Kumsenga aone kwamba Mugarama nayo imeendelea. Cha pili alikipiga Bibi Immakulata kule bondeni, kando ya kichuguu, mahali ambapo hata mbuzi hawaendi mpaka wafukuzwe. Mashine ya kuchimba visima ilikuwa inapita tu, ikielekea kambi ya wakimbizi. Kijiji kilipewa siku moja na shimo moja. Likitoka kavu, basi.

Wa kuchagua mahali alikuwa Nestori, fundi wa maji. Kwa bahati mbaya kipimo chake cha maji ya ardhini kilikuwa kimeharibikia kambini, na bila sahihi ya Mwenyekiti hakuna kuchimba.

"Hapa nyasi hazikauki hata mwezi wa nane," Bibi Immakulata alimwambia alfajiri, wakiwa wamesimama kwenye umande. "Ukungu nao unalala hapa hapa kila siku. Amazi yapo, mwana wanje, maji tele. Cha mvunguni huinamiwa, hakitafutwi juu ya mwamba."

Nestori alimwamini. Alijua pia kwamba kiangazi kilichopita bibi huyu alimzika mjukuu wake, Ininahazwe, aliyekufa kwa kuhara. Maji ya kunywa yalitoka kwenye kijito wanamooga ng'ombe, mwendo wa saa moja na nusu kwenda.

Kamati ya kijiji ilicheka. Immakulata aliingia kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, na miaka ishirini na minne ya kulima Mugarama haikutosha kumwondolea jina la mtu wa kuja. Mtu wa kuja atamwonyesha Mwenyekiti pa kuchimba? Labda dunia iwe imekwisha.

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa mtu wa maendeleo. Redio yake ndiyo pekee iliyokuwa na betri mpya, na wiki hiyo ilikuwa imemletea habari iliyomnyima usingizi.

"Kule Ncha ya Kusini wamegundua ziwa chini ya barafu," aliwaambia wajumbe kwa mara ya saba. "Barafu yenyewe unene wake kilomita nne. Nne! Hakuna aliyeshika jembe. Setilaiti imepita juu, imeona."

"Haikuona maji, Mwenyekiti," alisema Nestori. "Iliona barafu ya juu imelala sawasawa mno, wataalamu wakajua chini kuna kitu. Kama Bibi na ukungu wake."

"Ndugu Fundi, usimfananishe Bibi na setilaiti." Mwenyekiti alinyoosha kidole angani. "Niletee picha ya setilaiti. Hata ikionyesha jikoni kwa mke wangu, naweka sahihi."

Nestori alipanda pikipiki yake akaenda Kibondo mjini, akalala misheni. Kesho yake saa nne alirudi na karatasi moja ya kung'aa, upande wa chini imekatwa kwa mkasi. Aliitandaza mezani. Ilikuwa picha isiyo na rangi, yenye mikwaruzo mingi, na katikati doa moja refu, laini.

"Doa hili ndilo maji," alisema, akaweka kidole. "Ni bondeni."

Mwenyekiti aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Huu mstari ni barabara ya Kumsenga," alisema polepole. Kisha akapaza sauti. "Na hiki kinachometameta, jamani, ni bati langu!"

Hapo wajumbe wote wakavamia meza. Manirambona aliiona migomba yake. Nkunzimana aliona mahali alipompoteza ndama. Bibi Immakulata, aliyekuwa mlangoni, naye akachungulia.

"Mbona sioni mti hata mmoja?" aliuliza. "Na kijito kiko wapi?"

"Bibi!" Mwenyekiti alikasirika kweli. "Mambo ya kitaalamu waachie wenyewe. Setilaiti iko juu mno, miti haifiki huko." Akachukua kalamu, akaweka sahihi.

Siku iliyofuata mashine ilinguruma bondeni tangu asubuhi. Walipofika mita thelathini na nane maji yaliruka, mekundu kwanza, kisha meupe, kisha safi. Wanawake walipiga vigelegele mpaka wakapaliwa. Bibi Immakulata alikaa chini kwenye matope, akamwita Ininahazwe kwa jina, akalia. Siku hiyo hakuna aliyemwambia anyamaze.

Sifa zote zilikwenda angani. Mwenyekiti aliiwekea picha fremu na kioo, akaitundika ukutani, na kila mgeni alionyeshwa barabara, bati, na doa la maji, kwa mpangilio huo. Jina la Immakulata halikutajwa, ila alipotakiwa kufagia kisimani.

Mwezi uliofuata Padri Reverien wa misheni ya Kibondo alikuja kubariki kisima. Naye alipitishwa ofisini, akaelezwa yote. Alivaa miwani, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Mwenyekiti alipotoka kuwapanga watu, Padri alimvuta Nestori kando.

"Nestori, jarida langu limekatwa ukurasa. Hii si ile barafu ya Ncha ya Kusini?"

"Bariki maji kwanza, Padri," Nestori alinong'ona. "Kuungama nitakuja Jumamosi."