Aliyelipata Daftari

Kila asubuhi Bi Tunu, karani wa maktaba ya kitivo cha sheria, alikata habari za magazetini zilizowataja wahadhiri na kuzibandika ubaoni. Leo picha ya Profesa Mbwilo ilijaa ukurasa mzima. Gazeti lilisema yeye ndiye aliyegundua daftari la hospitali lililomtoa gerezani mtu aliyefungwa miaka kumi na moja kwa kosa asilolifanya. Daftari hilo Bi Tunu alilitafuta miezi minne, akalikuta kwenye stoo ya hospitali, akampelekea profesa mkononi. Jina lake halikuwemo gazetini.

Alikuwa anachomeka pini ya mwisho alipoingia mwanamume mmoja aliyekonda. Alimtambua kwa picha ya kwenye faili la kesi.

"Shikamoo mama. Namtafuta Profesa Mbwilo. Nataka kumshukuru kwa kunitoa."

"Marahaba." Aliibonyeza pini mpaka ikazama ubaoni. "Panda ngazi hizo, mlango wa kwanza."

"Mungu akubariki kwa kunielekeza."

Bi Tunu alimtazama akipanda. Mlango ulikuwa wazi, lakini yule mtu alisimama kizingitini, mikono nyuma kama bado yuko gerezani, akingoja kuambiwa apite.