Ukaidi wa Karanga

Mto wa kochi ulikuwa juani tena, na jirani yao aliyeitwa Wangu alikuwa ameshaegemea ua kuutazama.

“Mama Cate, kwani hiyo mbwa imekataa kusoma?”

Nyokabi, Mama Cate mwenyewe, alicheka tu. Pale mtaani Satellite, Nairobi, mbwa ni kiumbe wa nje: analala karibu na geti, anakula makombo, anabwekea watu wa stima. Mbwa wa kulala sebuleni ni maajabu. Mbwa wa kukojolea kochi la sebuleni, lenye vitambaa ulivyofuma kwa mikono yako, ni aibu tupu.

Karanga aliletwa na binti yao, Cate, aliyekuwa akifanya kazi Hurlingham. Mwenzake ofisini alikuwa na watoto wa mbwa wa kugawa, naye Cate aliona wazazi wamebaki peke yao. Baba yake, mzee Wainaina, alikuwa amestaafu benki huko Upper Hill, na kazi yake sasa ilikuwa kusikiliza taarifa ya habari ya saa saba na kusinzia kochini. Mwanzoni alinuna. Mbwa ndani ya nyumba? Baada ya wiki chache hakuna aliyeweza kuwatenganisha. Mzee akilala mchana, Karanga yuko ubavuni pake, na wakiamka kochi limelowa.

Mara ya kwanza Nyokabi alivua slipa. Mzee akamshika mkono.

“Usiichape, Mama Cate. Si kupenda kwake.”

Cate alipopigiwa simu alisema vivyo hivyo. Alikuwa amesoma kwenye mtandao, pale sayba: mbwa mchanga hapigwi wala hafokewi.

“Mum, ukimpiga atajifunza kukuogopa tu. Akishakula mpeleke nje. Akifanya vizuri msifu, umpe kitu kidogo.”

Kumsifu mbwa! Nyokabi alikuwa amelea watoto wanne bila kumsifu hata mmoja. Lakini samaki mkunje angali mbichi, akaanza. Kila baada ya chakula alisimama kwenye nyasi nyuma ya jikoni, kitambaa kichwani, akimbembeleza Karanga kama mtoto anayekataa uji. Karanga akikojoa, anapewa kipande cha matumbo na kuitwa mtoto mzuri. Majirani walisikia, na Wangu alisikia kuliko wote.

Na mbwa alishika. Akiambiwa kaa, anakaa. Akibanwa, anakwaruza mlango wa jikoni na kungoja afunguliwe. Viatu aliviacha, hata nyama iliyosahaulika kwenye stuli hakuigusa. Lakini mchana, Nyokabi akirudi kutoka soko la Kawangware, anakuta kochi limelowa na Karanga amekaa kando yake anatikisa mkia.

Alitandika nailoni juu ya mito, mzee akaiondoa, eti inamtoa jasho. Alimfungia Karanga jikoni, mzee akamfungulia. Aliomba hata Mungu, kisha akaona haya kumsumbua kwa mambo ya mbwa. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Nyokabi alivumilia, mbivu hakuziona, na kochi likazidi kunuka. Alijiona mjinga, mwanamke mzima kushindwa na mnyama wa kubebwa kwa mkono mmoja.

Mzee hakumkaripia mbwa hata siku moja. Tangu enzi za benki alikuwa mtu wa kujipenda, suruali ya asubuhi siyo ya jioni, lakini siku hizi kutoka alikataa kabisa. Hata harusi ya mpwa wake kule Nyeri hakwenda.

“Nani atabaki na Karanga?” aliuliza, na Nyokabi akastaajabia mapenzi hayo.

Kisha Jumamosi moja wanawake wa chama chake cha kuweka akiba wakaja. Mzee aliwasalimia, akawapisha kochini, akaingia chumbani. Kavata, mwenyekiti wao, alikuwa amevaa rinda jeupe, na ndiye aliyekaa pale. Haukupita muda akainuka polepole, ameshika rinda kwa nyuma. Wote walimgeukia Karanga, naye akadhani anaitwa, akaketi vizuri kama alivyofundishwa.

Jioni hiyo Nyokabi alimpigia Cate simu aje kumchukua Karanga.

“Mama Cate, nakuomba,” mzee alisema. “Hii mbwa ikae. Mimi nitaifundisha. Hiyo kochi nitakuwa naosha mwenyewe.”

“Wewe? Na hujawahi kuosha hata kikombe.”

“Nitaosha.”

Nyokabi alimhurumia, lakini kila akifumba macho aliliona rinda la Kavata. Jumapili baada ya kanisa Cate alifika. Mzee alimbeba Karanga mwenyewe mpaka getini, halafu hakutaka kumwachilia, ikabidi Cate amtoe mikononi mwake taratibu. Mzee akalia. Nyokabi hakuwahi kumwona akilia, hata walipomzika mama yake. Alibaki amesimama na bakuli la mbwa mkononi.

Jumatatu alifua vitambaa vyote, akaanika mito, akatandika upya. Nyumba ikanukia sabuni. Baada ya chakula cha mchana alitoka kwenda kununua sukuma wiki, na aliporudi redio ilikuwa ikiongea peke yake. Mzee alikuwa amelala kochini, ameupa mlango mgongo. Nyokabi akachukua shuka amfunike, na alipoinama mkono wake ukagusa mto. Ulikuwa umelowa, na bado ulikuwa na joto.

“Mama Cate,” mzee akasema bila kugeuka, “usiambie Cate.”