Salamu za Alhamisi

Nelima hakuwa na redio. Hakuwa na pazia la mlangoni, wala kiti cha pili, wala mtoto wa kumfanya aitwe mama fulani. Lakini hakuna mpangaji wa ploti ile ya Witeithie aliyemcheka, kwa maana kila Alhamisi jioni redio iliyokaa dirishani kwa mwenye nyumba, Mama Bridget, ilimtaja kwa jina.

"Jared, aliye bandarini Mombasa, anamsalimu mke wake Nelima na majirani wote wa ploti."

"Huyu bwana kazi yake ni salamu tu?" Salehe wa chumba cha pili alipenda kuchokoza. "Si aje siku moja tumwone sura."

"Wewe unamsalimu nani?" Mama Bridget alimjibu. Yeye hakumpangisha mwanamke asiye na bwana. Mwaka huo alikuwa amewatoa wawili, sufuria na magodoro yakalala nje. "Tena Jared anajua mambo. Bomba letu lilipopasuka, si alitupa pole redioni? Unamwandikia kila kitu, Nelima."

"Kila kitu," Nelima alisema.

Alhamisi moja alirudi kutoka kiwandani Thika akakuta dirishani kitu cheusi kinachong'aa. Hakikuwa na mshale wala kifundo cha kuzungusha, ila tarakimu za kijani.

"Hii ni redio ya dijitali," Mama Bridget alisema. "Bridget amenitolea Ruiru. Ile kuukuu nimempa fundi wa Gitothua, aikate vipuri."

"Na salamu?"

"Hii haishiki ile stesheni yetu. Inashika hizi mpya peke yake. Mwambie Jared naye abadilike."

"Akinyamaza tutajua hatuna shemeji," Salehe alisema, na wote wakacheka. Nelima alicheka pamoja nao.

Alhamisi mbili zikapita kimya. Nelima alifagia uwanja, akaufagia tena. Uji ulifurika ukamwagikia jiko akiwa amesimama pale pale. Mama Bridget hakumwuliza tena habari za kazi.

"Bwana yako ni mzima?"

"Ni mzima."

"Na mbona hasemi?"

Alhamisi ya tatu Nelima alisimama chini ya dirisha na kipande cha karatasi, akingoja mtangazaji wa stesheni mpya asome namba ya sanduku la posta.

"Unaandika nini?" Salehe aliuliza.

"Anwani yao. Jared hana."

"Mpelekee haraka, dada. Jana huyu mama alikuwa anapima mlango wako kwa macho."

Jumamosi asubuhi alikuwa posta ya Thika, mbele ya kalamu iliyofungwa kwa uzi. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, bila kufuta hata neno moja.

"Mimi Jared, niliye bandarini Mombasa, namsalimu mke wangu Nelima wa Witeithie. Na Mama Bridget, hongera kwa redio mpya."

Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa ngumi, akaitumbukiza sandukuni.