Kuku Aliyeyaamuru Mayai Yake

Hapo kale bandani aliishi Leya, kuku wa kisasa aliyetaga kila siku na kwenda zake. Alimcheka Kishingo, kuku wa kienyeji mwenye shingo tupu, kila alipomkuta akiatamia.

“Bibi, wiki tatu umekaa tu! Huna kazi?”

Vifaranga vya Kishingo vilipoanguliwa, Leya naye akatamani kuwa na vyake. Akataga mayai kumi, akasimama kando akiyaamuru, “Tokeni!” Mayai yakapoa, yakaoza.

Akaja kwa Kishingo, kichwa chini. “Bibi, nimewaua wanangu.”

“Kwani mama yako hakukufundisha kuatamia?”

“Sikuwa na mama. Nilitotolewa na mashine.”

Kishingo hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma Leya zaidi.

“Njoo hapa kiotani, mjukuu wangu,” alisema. “Ukae tu.”