Programu ya Bure ya Kuchakulo

Haya kaeni vizuri, nisije nikapasuka na umbea huu peke yangu!

Bata alinunua mashine ya kusaga, zile za kisasa zinazoendeshwa na programu ya kompyuta. Kuchakulo, yule asiyejua kuficha kitu, akamwambia, "Shoga, chukua programu yangu bure. Ndani iko wazi, ukitaka kubadilisha, badilisha."

Bata akacheka mpaka mkia ukatikisika. "Ya bure ni ya bure tu, mwenzangu! Mie nafanya biashara." Akaenda kununua ya Kenge, imefungwa, haruhusiwi mtu kuchungulia.

Siku ya harusi ya binti wa Kanga, mchele wa vitumbua umeshalowekwa, ndoo nne, mashine ikagoma. Bata mbio kwa Kenge.

"Ile nafungua mimi peke yangu," Kenge akasema huku anaota jua. "Nitakuja Alhamisi."

"Harusi ni leo, baba!"

"Basi waoane Alhamisi."

Loo! Bata akarudi analia. Kuchakulo akaifuta programu ya Kenge, akaweka yake. Ikasaga kidogo, ikakwama! Jirani yao Mbuzi akachungulia. "Mie nami natumia hii ya Kuchakulo. Hata yangu ilikwama hapahapa, nikaparekebisha." Akabonyeza mara mbili, mashine ikanguruma. Vitumbua vikafika harusini vya moto.

Kenge naye alikuwepo, hana aibu! Baada ya sahani ya tatu akamvuta Kuchakulo pembeni. "Nifundishe na mimi hiyo programu yako, lakini isijulikane."

"Jamaniii!" Kuchakulo akapaza sauti. "Njooni, Kenge anataka kufundishwa!"