Kitufe cha Ubavuni

Bi Mashavu alishika simu mbili: yake, iliyokuwa bubu tangu asubuhi, na ya jirani, aliyoazima ili ampigie binti yake Tunu, aliyeishi mbali. Simu yoyote ya ukoo ule ikigoma, alitafutwa Tunu.

"Meseji za sauti zinacheza lakini sisikii kitu, mwanangu."

"Nisomee maandishi ya juu kabisa, mama, nijue uko wapi."

Bi Mashavu akasoma neno kwa neno, kama Tunu mwenyewe alivyomzoesha. "Familia... bila... Tunu."

"Mimi nilitiwa tu humo, mwanangu. Kundi sikulianzisha mimi."

"Kuna kitufe ubavuni mwa simu," Tunu alisema. "Cheza meseji, halafu ubonyeze upande wa juu. Usiachie."

Sauti ikapanda. Ilikuwa ya Hemedi, kaka yake Tunu, ambaye juzi tu Tunu alimrudishia picha zake zote zilizofutika. "Jumapili sote kwa mama. Na tafadhali, fundi wetu asipenyezewe habari." Nyuma yake wengine waliangua kicheko, na Tunu akawatambua mmoja mmoja.

Bi Mashavu alihangaika na kitufe, na kila alipobonyeza kicheko kilizidi kupanda.

"Naizimaje, mwanangu?" aliuliza, machozi yakimlenga. "Niambie, naizimaje?"

Tunu alijua pa kugusa. Alikaa simu ikiwa sikioni, akasikiliza.